Mafungu Manane ya Baruti na Mita Zangu 111

Juzi kijana mmoja wa Muyeye ameniandikia: "Kaka, nataka kuingia kazi ya usalama wa baruti. Nianze na programu gani?" Nimecheka, kisha kidonda kikanichonyota.

Miaka kadhaa nyuma mwenye machimbo ya kokoto, nje ya Malindi, alinipa kibarua: ghala lake la baruti likae umbali gani na nyumba za watu? Nilikuwa nimejifunza mwenyewe kikokotoo cha bure cha UN SaferGuard, mpango wa Umoja wa Mataifa wa usalama wa risasi na baruti, kinachofuata hesabu za watafiti wa milipuko Kingery na Bulmash. Unakipa kilo na umbali, kinakupa nguvu ya wimbi la mlipuko. Nikajiona nimefika.

Ghalani mlikuwa na mafungu manane, kila moja kilo 125 kwa kipimo cha TNT, kile kilipuzi ambacho vingine hulinganishwa nacho. Nikaingiza 125. Kanuni ya msingi ya nyumba za watu ni 22.2 ukizidisha kwa kipeuo cha tatu cha kilo. Kipeuo cha 125 ni 5, basi mita 111. Nyumba ya karibu ilikuwa mita 150. Ripoti nikaichapisha kwa rangi, tena na jalada!

Mkutanoni mzee mmoja, mpasua miamba tangu ujana wake, akaniuliza: "Mwanangu, fungu moja likilipuka, hayo saba yatakaa yakilitazama?"

Watu wakaangua kicheko. Baina ya mafungu hapakuwa na ukuta wala tuta, kwa hivyo ni mzigo mmoja: kilo 1,000, kipeuo 10, mita 222. Mama mwenye ile nyumba alikuwa amekaa mbele yangu. Yeye hakucheka. Malipo yangu sijayaona hadi leo.

Basi ushauri: ingia ghalani uhesabu mzigo mwenyewe. Halafu uhesabu tena. Kikokotoo kinadhani TNT imelipukia ardhi tambarare. Hakioni tuta, wala hakihesabu vipande vinavyoruka, navyo huweza kudai umbali zaidi. Hata kwenye hizo mita 222 wimbi bado lina shinikizo la kama kilopaskali 5, na vioo vya madirisha huvunjika.

Nyinyi vijana mnapenda mno skrini. Huko Dar es Salaam, Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto 2011, maghala ya jeshi yalilipuka na raia wakafa. Watu wanajenga, ghala halihami, na ramani ya kwenye simu imepitwa. Nenda kwa miguu!

Jumamosi njoo na tepu ya kupimia. Laptopu iache nyumbani.