Maswali ya Wasomaji: Mimea ofisini na wenzetu wenye usonji

SWALI: Mhariri, mimi ni msimamizi wa ofisi ya watu ishirini na wanane hapa Kilimani, Nairobi. Mwezi ujao tunahamia ukumbi mmoja mkubwa usio na kuta za ndani, na wakurugenzi wametenga fedha za kuupamba kwa mimea, ukuta wa majani na chemchemi ndogo ya maji mlangoni. Mfanyakazi mmoja amenieleza kwa siri kwamba ana usonji (autism), na mwingine ana ADHD, hali inayomfanya mtu apate shida kutuliza mawazo na kukazia jambo moja. Nimesikia kuwa mandhari ya asili huwatuliza. Je, mpango huu utawafaa? – Msimamizi, Kilimani

JIBU: Utawafaa kwa kiasi, ila huenda usiwe upande unaoutarajia. Majani hupendeza kwenye picha, lakini yanayomchosha mtu mwenye usonji mara nyingi hayapigiki picha: mwanga unaomemeteka, sauti zinazogonga vigae na kurudi, harufu, na kukosa mahali pa kujitenga japo dakika kumi.

Ni kweli kwamba kutazama miti kuna faida. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science utafiti wa wagonjwa waliotolewa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani; waliolazwa penye dirisha linaloelekea miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali, na walitumia dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Hata hivyo, wale walikuwa wagonjwa vitandani, wala si wahasibu wenye usonji waliozungukwa na simu zinazolia.

Kwa hiyo ningeanza na mwanga kabla ya kununua hata chungu kimoja. Mwombe fundi umeme akague taa za mirija zilizopo. Zile za zamani zenye choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa) hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na taa hupepesa mara mbili kila mzunguko, na ingawa wengi hatulioni jambo hilo, wapo ambao huumwa kichwa kwa sababu yake. Taa za LED zilizo bora, zinazoweza kupunguzwa mwanga, zitaondoa tatizo hilo. Kisha tazama madirisha. Nairobi iko karibu sana na ikweta, hivyo jua la asubuhi na la alasiri huingia moja kwa moja kupitia madirisha ya mashariki na magharibi, ilhali yale ya kaskazini na kusini hukingwa kwa urahisi na kibaraza kifupi. Meza za wanaosumbuliwa na mng'ao ziwe pande hizo mbili za mwisho, na mti au mmea unaotambaa upandwe nje ya dirisha la magharibi, ambako utafanya kazi kubwa kuliko ukuta wa majani ndani.

Chemchemi ningeiacha. Sauti ya maji inayokuburudisha wewe unapopita mlangoni inaweza kuwa, kwa mtu ambaye masikio yake hayachuji sauti, kama bomba lililosahauliwa wazi tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Mwenzake mwenye ADHD huenda akaipenda kwa sababu inafunika mazungumzo ya jirani. Basi na aisikilize kwa vipokea sauti vyake. Fedha hizo zitumike kwa mikeka ya mkonge, mapazia mazito ya pamba na chumba kimoja kidogo chenye mlango, mwanga hafifu na dirisha, ambacho hakitageuzwa kuwa cha mikutano hata wageni wakizidi. (Najua ofisi zetu: chumba kitupu hakimalizi wiki.)

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, lakini hapa hakuna mgonjwa, basi uliza. Waulize wafanyakazi wote ishirini na wanane kwa maandishi kuhusu mwanga, sauti, harufu na mahali wanapopenda kuketi, ili wale wawili wasijulikane. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya kuwa taarifa nyeti, na siri uliyopewa haipaswi kuwafikia wakurugenzi bila idhini ya mwenyewe.

Kwa anayehitaji miti mingi kuliko ofisi inavyoweza kubeba, Arboretum haiko mbali nanyi. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1907 kujaribia miti ambayo ingetoa kuni za garimoshi, na leo ina vivuli vya kutosha. Ruhusa ya kurefusha mapumziko ya mchana, na kufidia muda huo jioni, haina gharama.

Mimea ya ndani iwe isiyo na harufu kali na isiyoning'inia juu ya vichwa vya watu. Sansevieria, mmea wa majani marefu magumu yanayosimama wima, ambayo jamii zake kadhaa ni za asili ya huku kwetu, huvumilia kivuli na kusahauliwa bila maji, lakini mteue mtu wa kuinyweshea hata hivyo.