Jibu: Mtoto HIV hana, majipu hayaishi, na damu imeota bakteria ya ajabu

Dada pole sana. Umeuliza inakuwaje mtoto wa kiume HIV hana, majipu kila mara, halafu damu iote bakteria ambayo hata nesi kashindwa kuitamka. Mi sio daktari, ni mama tu, ila hili limenikuta hapa hapa Mwanza.

Wa kwangu alijikata unyayo ziwani huko Igombe, kakidonda ka kawaida tu, baada ya muda mfupi homa kali na upande wa ini hataki hata kuguswa. Bahati dokta mmoja kijana aligoma asichomwe seftriaxoni mpaka damu ya kuotesha itolewe, maana antibayotiki ikitangulia inaweza isiote kitu mkabaki kubahatisha. Ikaota. Jamaa wa maabara akanionyesha ile sahani, vidoa vya zambarau iliyokolea, mi nikajua wamemwagia wino. Inaitwa Chromobacterium violaceum, inaishi kwenye maji na udongo wa nchi za joto, na sisi tunaogelea tangu utoto wala hatuugui, ndo maana ikikutwa kwenye damu dokta makini anaacha kuuliza bakteria imetoka wapi anaanza kuuliza huyu mtoto kinga yake ikoje. Seftriaxoni mara nyingi haiiwezi, wa kwangu alipona kwa sipro na dawa nyingine za mshipani.

Ugonjwa aliokutwa nao wangu unaitwa CGD (chronic granulomatous disease), ni wa kinga ya mwili na ni wa kuzaliwa nao. Seli nyeupe zinaibugia bakteria vizuri tu ila zinashindwa kutengeneza kemikali ya kuiua, inabaki hai humo humo ndani. Aina inayotokea zaidi inapitia kwa mama na wanaougua ni watoto wa kiume. Nina kaka alifariki mdogo kule Ukerewe na majipu hivyo hivyo, ukoo mzima ukasema karogwa.

Omba kipimo cha DHR, ni cha damu, kinaangalia kama seli nyeupe zinatengeneza hiyo kemikali, au kile cha zamani cha NBT ambacho seli za mtu asiye na ugonjwa huu zinageuka bluu kwenye hadubini na za mgonjwa hazigeuki. Usishangae sampuli ikisafirishwa mbali. Na waambie BCG yake, ile chanjo ya kifua kikuu, ilikaaje, kama tezi ya kwapani ilivimba ikatoa usaha hiyo ni dalili wasiidharau.

Wa kwangu sasa anakunywa Septrin kila siku na itrakonazo ya fangasi, na haruhusiwi kuchezea mboji wala majani yaliyooza. Majirani wakiona Septrin wanajua tunatoka CTC, kliniki ya wenye HIV, nimechoka kueleza, waache waongee.

Ila kama iliyoota ni Salmonela wasirukie CGD, wapime sikoseli kwanza, Kanda ya Ziwa imejaa na Salmonela inawasumbua sana.

Hebu andika hapa jina la hiyo bakteria kama lilivyo kwenye karatasi ya maabara, na useme kama kuna kaka yako au mjomba wako aliyefariki mdogo.