Rimoti inagoma, indiketa inawaka mbiombio

Pole sana, ndugu. Unasema rimoti ya gari lako inafunga milango inapotaka yenyewe, na indiketa ya kushoto inawaka haraka kuliko ya kulia. Usinunue rimoti mpya kwanza.

Indiketa kuwaka mbiombio, mara nyingi ni balbu moja ya upande huo imekufa. Washa, kisha zunguka gari uone ipi haiwaki, mbele au nyuma. Zote zikiwaka, chomoa balbu uangalie soketi: ukiona ukungu wa kijani, ni kutu. Ikwangue taratibu kwa msasa laini.

Kwa rimoti, badilisha betri. Nyingi hutumia CR2032 ya volti 3, ila soma namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani.

Bado? Kama alamu ilifungwa na fundi wa mtaani, chungulia chini ya dashibodi. Waya zake huungwa kwenye indiketa na kwenye loki za milango, mara nyingi zimesokotwa tu na kuzungushiwa tepu. Joto likilegeza tepu, unapata matatizo yote mawili kwa pamoja. Mwambie fundi umeme azichomelee kwa risasi. Na tafadhali, fyuzi ikiungua usiweke kubwa zaidi. Gari linaweza kuwaka moto.