Shangazi, kila nikitaka kulipia kiwanja tumbo linavuruga

*Shangazi shikamoo. Mimi ni muuguzi hapa Moshi, nina miaka 34. Nimeweka milioni 11 SACCOS, nataka kiwanja nijenge vyumba vya kupangisha. Mwaka wa tatu nazunguka na madalali, lakini siku ya kulipa tumbo linavuruga. Kaka yangu aliwahi kuuziwa kiwanja cha mtu. Sasa nimepata kingine, kipo bondeni kidogo, dalali anasema mwisho Ijumaa. Nifanyeje?*
*Mwoga, Majengo*

Marahaba mwanangu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, ila aliyeumwa ni kaka yako. Wewe umerithi mshtuko. Sikwambii usiogope, nashangaa tu kwamba miaka mitatu umekaa na hofu ndani badala ya kutoka nayo ukaulize.

Kama kina hati, peleka namba ya kiwanja ofisi ya ardhi, uombe upekuzi. Utaona jina la mmiliki, na kama benki imekishikilia. Kama hakina, nenda serikali ya mtaa bila dalali, kisha bisha hodi kwa majirani wa pande zote nne. Muuzaji ana mke? Naye aje asaini. Na wakikuletea kihamba, yaani shamba la ukoo la huko mlimani, mimi ningekiacha hata kwa bei ya kutupa: leo anauza mmoja, wiki ijayo wanashuka kaka zake kutoka Dar.

Mimi hati nilikagua vizuri sana, nikauziwa maji. Nilinunua Arusha mwezi wa Januari, udongo umekauka hadi umepasuka, bei nzuri, nikashangilia. Aprili nikaenda na fundi kupima msingi, tukapokewa na vyura. Ukuta wa jirani ulikuwa na mstari wa tope usawa wa kiuno. Januari ulikuwepo vilevile, sikuutazama.

Hiyo Ijumaa ni ya dalali, siyo yako. Kikichukuliwa, kichukuliwe. Na usimalizie milioni zote 11 kwenye ardhi, maana tofali, mchanga na fundi bado vinakusubiri. Anza na vyumba viwili.

Jumamosi vaa viatu vya kukanyagia tope, uende peke yako. Mkute mama anayefua pale jirani, umuulize masika yaliyopita maji yalifika wapi. Akinyanyua mkono kukuonyesha ukutani, mshukuru, panda bodaboda urudi zako.