Wadogo zangu, timu nzito nayo inashambulia

Kila nikifungua rekodi za mechi za wageni wetu wa mchezo kwenye Showdown, tovuti ya mapambano ya Pokémon, nakutana na timu ileile. Dondozo yumo, Ting-Lu yumo, Corviknight yumo, Slowking wa Galar yumo, halafu pembeni kabisa kasimama Dragonite peke yake, ndiye anayetegemewa kumaliza mechi. Ukiuliza unajibiwa kwa kujiamini: "Kaka, hii ni timu nzito ya kushambulia." Nzito, nakubali, ni wagumu kuangushwa. Kushambulia, wapi? Ikikutana na timu ya ulinzi wa kweli haina wa kuvunja ukuta, na ikikutana na timu ya kasi inapigwa polepole mpaka inaisha, maana hakuna anayemtisha mtu.

Nimechoka kujibu swali hilohilo kila wiki, timu nzito ijengwe na ichezwe vipi ili ishambulie, kwa hiyo nayaandika hapa. Naongelea OU (daraja kuu la mechi za Showdown) ya kizazi cha 9 cha Pokémon, mechi za mmoja kwa mmoja. Anayecheza vizazi vya nyuma atachuja mwenyewe.

1. Uzito una kazi moja: kumwingiza mtu wako uwanjani akiwa hai ili apige. Chukua kila mmoja wa wale sita umuulize maswali mawili. Anaingia mbele ya nani? Na akishaingia, mpinzani anaogopa nini? Akikosa jibu la swali la pili, huyo ni abiria. Kingambit anajibu yote mawili: HP (uhai) 100, Defense (ulinzi dhidi ya mapigo ya mwili) 120, na Attack (nguvu ya mapigo hayo) 135 inayomfanya kila mtu afikirie mara mbili kabla ya kubonyeza. Great Tusk vilevile, Defense 131 na Attack 131. Corviknight naye anaweza kuwemo, sikatai, ila aje na U-turn (pigo la kupiga na kutoka uwanjani) ili akishapokea pigo amlete mpigaji salama. Abiria mmoja timu inamvumilia. Watatu, hapana.

Kuna kijana alinibishia kwamba Ting-Lu wake anashambulia kwa sababu ana Earthquake. Mdogo wangu, kila mtu ana Earthquake.

2. Acheni kujaza 252 na 252 halafu 4 kama mnajaza fomu. Mna pointi 508 za EV (pointi za mafunzo mnazogawa kwenye takwimu) zenye faida, na katika levo ya 100 kila pointi 4 zinaongeza 1 kwenye takwimu. Mfano, Gholdengo. Wengi wanampa Timid (tabia inayoongeza spidi) na spidi yote, anafika 293. Uliza kwanza: unamkimbia nani? Kama unayemhofia ni Dragonite wa Adamant (tabia inayoongeza Attack) aliyejazwa spidi, yeye kabla ya Dragon Dance ya kujipandisha Attack na spidi anaishia 259. Gholdengo wa Timid mwenye EV 132 kwenye spidi anafika 260. Basi, umempita kwa moja na hiyo moja inatosha. Umeokoa EV 120, HP inapata 252 zake kamili, na bado una 124 za kugawa kati ya ulinzi na nguvu. Hapo ndipo unapata Gholdengo anayepigwa, anabonyeza Recover kurudisha uhai, anaendelea na kazi. Spidi isiyompita mtu ni EV umetupa.

Na tumieni kikokotoo cha madhara kabla ya mechi, si baada ya kulia.

3. Hili la tatu ni refu kwa sababu lilinitokea mimi, na bado nawaona mnalifanya.

Ilikuwa mechi ya mashindano madogo ya mtandaoni. Nilikuwa na Great Tusk, Gholdengo, Slowking wa Galar, Dragonite, Kingambit na Rotom-Wash. Mwenzangu alikuwa na Kingambit pia, Dragapult, Slowking wa Galar, Corviknight na wengine wawili. Tulipooneshwa timu kabla ya zamu ya kwanza niliona mara moja kwamba Kingambit wake ndiye tatizo, na kwamba mwenye jibu ni Great Tusk: mapigo ya aina ya giza anayapokea nusu, na pigo la aina ya mapigano linampata Kingambit mara nne. Nikajiambia sawa, hili limekwisha. Kisha nikacheza kama mtu aliyesahau alichokiona dakika moja iliyopita.

Dragapult akibonyeza U-turn, namwingiza Great Tusk, maana pigo la aina ya mdudu halimuumizi sana. Mawe ya Stealth Rock, mtego unaomuumiza kila anayeingia, yanamchubua tu, asilimia 3 na kidogo. Najiona mjanja. Kuna mmoja akampiga Knock Off, pigo linaloondoa kifaa, Leftovers zake za kurudisha uhai kidogokidogo zikaenda, nikasema si kitu, huyu ni mnene. Yaani neno "mnene" lilikuwa limenilevya. Great Tusk hana Recover wala Roost. Kila kinachomtoka kimetoka, asipobonyeza Rest, na nani anaweka Rest kwa Great Tusk?

Ikaja zamu ninayoikumbuka vizuri kuliko zote. Slowking wake yuko uwanjani, najua kabisa kwamba Sludge Bomb, pigo la sumu, inakuja. Benchi nina Gholdengo, chuma, sumu haimgusi hata chembe, na Shadow Ball yake inamuumiza Slowking vibaya. Nikamwacha benchi. Niliogopa Flamethrower, pigo la moto, ambayo mpaka mechi inaisha haikuonekana. Isitoshe nilikuwa namtunza Gholdengo ili Corviknight asiweze kufuta Stealth Rock yangu kwa Defog, kwa sababu uwezo wake wa Good as Gold unazuia Defog akiwa uwanjani. Hesabu nzuri sana, isipokuwa nusu ya timu ya mwenzangu ilikuwa imevaa Heavy-Duty Boots na nilishaiona ikipita juu ya mawe bila kupungua kitu. Nilikuwa nalinda mawe yasiyomuumiza mtu.

Basi nikamwingiza Great Tusk, kwa vile yeye ni aina ya ardhi, inayopokea sumu nusu. Sludge Bomb ikatua, haikumuumiza sana, na ile asilimia 30 ya kutia sumu ikatokea. Mnaweza kusema bahati mbaya. Ukiingia mara nyingi mbele ya pigo lenye asilimia 30, hiyo si bahati tena, ni ratiba. Badala ya kumtoa, nikabaki ili nifute mitego yake kwa Rapid Spin. Akaingiza Dragapult, mzuka, Rapid Spin ikapita hewani. Moja ya nane ya uhai ikaondoka. Nikabonyeza tena kwa hasira. Ikaondoka nyingine.

Mwisho wa mechi, wenzake watatu wameanguka, Kingambit wake anaingia na Supreme Overlord yake, inayomwongezea nguvu kwa kila mwenzake aliyeanguka, imepanda asilimia 30. Tera (kubadili aina, mara moja tu kwa mechi) alishaitumia kwa mwingine, kwa hiyo hana pa kujificha. Hii ndiyo hali niliyoiandaa tangu mwanzo! Nikaswichi kwenda kwa Great Tusk, naye zamu hiyohiyo akabonyeza Swords Dance kupandisha Attack yake. Sumu ikamla tena Great Tusk, akabaki chini ya robo.

Baadaye nilipiga hesabu, kwa kujitesa. Great Tusk mwenye EV 252 za HP, hata bila EV kwenye Defense, akipigwa Sucker Punch (pigo la giza linalotangulia) ya Kingambit wa Adamant aliyejaza Attack, mwenye Swords Dance moja na wenzake watatu chini, bila kifaa cha kuongeza nguvu, anapoteza kama theluthi moja ya uhai. Theluthi! Angekuwa na nusu tu ya uhai wake angepokea, angerudisha Close Combat, pigo la mapigano, na mechi ingeisha hapo. Nilifikiria kubonyeza Stealth Rock ili Sucker Punch ishindwe, kwa kuwa inafanya kazi pale tu unaposhambulia, lakini kwa sumu ile hakukuwa na zamu za kuchezea. Nikabonyeza Close Combat. Akabonyeza Sucker Punch.

Akafuata Gholdengo, uhai asilimia 100, aliyetunzwa mechi nzima. Pigo moja.

Kwa hiyo, mnapooneshwa timu, msitazame picha tu. Taja jina la yule ambaye bila yeye huwezi kumzuia fulani, na kuanzia hapo uhai wake hautumiki kwa kazi nyingine yoyote, hata kama "anastahimili". Wengine wote uhai wao ni wa kutumika, na utumike kweli. Mechi ikiisha umeshindwa huku una mtu mwenye asilimia 100 benchi, ujue ulimtunza asiyehusika. Na jina hilo hubadilika kila mechi. Dhidi ya timu isiyo na Kingambit, Great Tusk yuleyule mtume popote.

4. Udhaifu usirudiwe. Great Tusk, Landorus-Therian na Dragonite wote ni wazito kwenye karatasi, kisha anakuja Kyurem mmoja na barafu yake anawafagia watatu.

5. Vifaa. Dragonite wa Multiscale (uwezo wa kupunguza pigo nusu) bila Boots ni mapambo, kwa sababu Stealth Rock inamtoa robo ya uhai na Multiscale inafanya kazi uhai ukiwa umejaa tu. Volcarona ndiyo kabisa, anapoteza nusu kwa kuingia. Leftovers mpeni yule ambaye mawe hayamsumbui.

6. Mwenye kujipandisha nguvu asiwe mmoja tu wa aina moja. Nimewaona mnabonyeza Swords Dance mbele ya Dondozo wa Unaware, mara ya pili, mara ya tatu, mkitarajia sijui nini. Unaware haioni kupanda kwako. Dondozo ana Special Defense (ulinzi dhidi ya mapigo maalumu) 65, mpelekee mpigaji wa upande huo, au umwondolee Leftovers kwa Knock Off kwanza. Clodsire wa Unaware ana Special Defense 100, kwa huyo geuza, tafuta wa upande wa Attack.

7. Tangu kizazi hiki kianze, Recover, Roost na Slack Off zina PP 8 (mara za kutumika) zikijazwa kabisa, si 16 tulizozizoea. Hesabu za mpinzani wako. Kuna mechi nyingi za timu nzito zinazoamuliwa hapo, na wageni hawaoni kwa sababu macho yao yako kwenye uhai tu. Corviknight aliyemaliza Roost ni chakula, na mara nyingi inatosha kumlazimisha aibonyeze kila akiingia, bila hata kumwangusha. Kwa hilo Rotom-Wash wa Volt Switch (pigo la umeme la kupiga na kutoka) anafaa kuliko mfagiaji yeyote mliye naye. Ninyi wenyewe msibonyeze Recover mkiwa na robo tatu za uhai na hakuna pigo linalotisha mbele yenu. Nimetazama rekodi ya mmoja wenu jana, Gholdengo wake alibonyeza Recover ya mwisho kwenye asilimia 80 huku mpinzani anaswichi. Hiyo zamu ilikuwa ya Shadow Ball, na wewe unajijua.