Fyuzi inaungua nikiwasha taa za ziada: niweke kubwa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nimefunga taa mbili za ziada mbele ya gari langu la volti 12, kila moja ya wati 55. Umeme nimeuchukua kwenye waya wa taa ndogo. Fyuzi ya ampea 10 haimalizi safari, inaungua. Nimeshauriwa niweke ya ampea 30. Ni salama?

Jibu: Usiweke, tafadhali. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Waya wa taa ndogo ni mwembamba. Ukiubebesha mzigo mkubwa unapata moto, na fyuzi ya 30 itatulia tu huku ganda la waya likiyeyuka nyuma ya dashibodi, usikopaona. Magari yameteketea kwa namna hiyo.

Piga hesabu: wati 110 gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Jumlisha na taa ndogo zenyewe, fyuzi ya 10 imezidiwa. Haina kosa lolote.

Taa hizo zinahitaji njia yake, kupitia relei, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Kabla ya kugusa chochote, zima gari, vua pete na saa ya chuma, kisha fungua ncha hasi ya betri kwanza. Wakati wa kurudisha, iwe ya mwisho. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi ya gari, cheche inaruka, na betri hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka.

Toa waya wa milimita mraba 2.5 kwenye ncha chanya, uende kwenye pini 30 ya relei (namba za pini zimeandikwa kwenye relei yenyewe). Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote. Pini 87 iende kwenye taa, 85 kwenye bodi, na 86 ipate umeme wa taa ndogo kupitia swichi yako. Koili ya relei, yaani waya uliozungushwa ndani yake unaoiwasha, haili hata nusu ampea, kwa hiyo waya ule mwembamba hautaumia.

Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Kusokota nyaya na kuzungushia tepu sikubaliani nako hata kidogo: joto la injini hulegeza gundi na mtikisiko humalizia. Bana kwa viungio vyake. Waya ukipita kwenye tundu la bati, weka mpira.

Ukimaliza, washa taa na upime kwa mita ya volti kati ya chanya ya betri na chanya ya taa. Ukisoma zaidi ya nusu volti, kuna kiungio kibovu au waya ni mwembamba.

Na ikitokea fyuzi ya 15 nayo inaungua, chomoa taa zote mbili, weka fyuzi mpya ya 15 na uwashe swichi. Ikiungua tena, waya umechubuka na unagusa bodi. Ikipona, rudisha taa moja moja mpaka umpate mkorofi.