Taa ya DPF inarudi, oili inapanda: kabla hujatoboa, soma hapa

Mkuu, umesema SUV yako ya dizeli umeagiza Japani, njia yako ni Mbezi–Posta tu, taa ya DPF haikauki, oili inazidi, na fundi anataka aitoboe hiyo DPF. Mzuie kwanza. Yangu ni ya jamii hiyo hiyo na nimepita humo humo.

DPF ni chujio la masizi kwenye eksozi. Likijaa, kompyuta inaongeza dizeli ili joto lifike kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Shughuli hiyo inataka gari itembee mfululizo. Wewe unafika Posta unazima, kazi inakatika, na dizeli isiyoungua inashukia kwenye oili. Chomoa stiki asubuhi injini ikiwa ya baridi, uinuse. Stiki yangu ina alama ya X juu ya F (F ndiyo oili imejaa). Oili ikifika hapo mwaga, hata kama kilomita bado. Oili nyepesi inamaliza turbo.

Halafu mwambie fundi akague vipaipu viwili vyembamba vya mpira vinavyoingia kwenye sensa ya presha ya DPF. Kwangu kimoja kilikuwa na ufa kwenye kona, huuoni mpaka ukikunje kwa vidole. Kompyuta ilikuwa inasoma uongo, na mafundi wawili walishaniambia chujio limekufa!

Akitoboa bila kugusa programu, kompyuta inaweza kuendelea kumwaga dizeli ile ile na oili ikapanda kama kawaida, moshi juu yake.

Oili weka ya ACEA C3 au JASO DL-1, viwango vya oili yenye majivu machache. Ile ya malori ina majivu mengi, na majivu hayaungui, yanabaki humo humo. Wanaolaumu dizeli yetu: kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kilikuwa salfa 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni), Japani ni 10. Tofauti ipo, lakini mimi naogopa zaidi dizeli ya madumu.

Ukisimama ukaona injini inanguruma juu kuliko kawaida na feni inapiga kwa nguvu, huenda masizi ndiyo yanaungua, usizime. Zunguka Kibaha, urudi.